Kifundo cha mguu kimevunjika: POP, pini, pleti au antena? Tulinganishe

Kama unasoma hii umelala mguu uko juu ya mito miwili, na daktari kakwambia "tunaweza kufunga POP, yani plasta ngumu, au tukaingia thieta, fikirieni mnipe jibu", basi nimekuandikia wewe. Mimi nilikaa na swali hilo siku nane nzima, na kila anayekuja kuniona ana jibu lake, huyu anasema usikubali vyuma vitakuletea baridi uzeeni, yule anasema ukifungwa POP utabaki unachechemea, na wote wawili hawajawahi kuvunjika hata kidole. Mwisho wa siku mimi nikawekewa pleti na skrubu. Miaka miwili baadae mama mdogo akateleza kwenye ngazi, kifundo kilekile cha kulia, akafungwa POP tu, na sa hivi wote tunatembea na wala hakuna anayemcheka mwenzie.

Hapo ndo nikagundua kumbe tulikuwa tunabishania kitu ambacho sicho. Tulikuwa tunauliza chuma au plasta, wakati daktari anaangalia mambo mawili kabla ya mengine yote: hicho kiungo kinaweza kujishikilia chenyewe? na hiyo ngozi ya juu inaweza kuvumilia kisu?

Sasa kabla hatujaingia kwenye kulinganisha, bana kizibo cha chupa kati ya kidole gumba na cha shahada. Kifundo chako kiko hivo hivo. Kizibo ni mfupa unaoitwa talasi, gumba ni mwisho wa muundi kwa ndani, na kidole kile kingine ni fibula, ule mfupa mwembamba wa nje. Yale manundu mawili unayoyashika pembeni ya kifundo ndo ncha za hivyo vidole. Kidole kimoja kikisogea kidogo tu, kizibo kinacheza. Mwaka 1976 watafiti Ramsey na Hamilton walipima hii kwenye miguu ya maiti wakakuta talasi ikihama milimita 1 kwenda nje, eneo la mifupa kugusana linapungua kwa wastani wa asilimia 42. Milimita moja! Ndo maana daktari anang'ang'ania eksirei zako muda wote ule wakati wewe huoni kitu.

VIGEZO

Nitapima kila njia kwa mambo matano. Kwanza, inashika kiasi gani, yani kiungo kimetulia au kinacheza. Hapa utasikia wanataja Weber A, B, C, ni namna ya kusema fibula imevunjika wapi: A ni chini ya zile ligamenti zinazofunga mifupa miwili pamoja, B ni usawa wake, C ni juu yake. A mara nyingi imetulia, C mara nyingi haijatulia, B ndo yenye mzozo na huko ndiko watu wengi tunaangukia. Kama una B na haieleweki, uliza kama wanaweza kukupiga eksirei ukiwa umesimama umeukanyagia, mana picha ya mguu uliolala inaweza kuonekana safi kumbe ukipewa uzito kitu kinafunguka.

Pili ngozi na uvimbe. Tatu mwili wenyewe, umri, kisukari, sigara, mzunguko wa damu. Nne utaanza kukanyaga lini. Na tano ni yale ya baadae, nini kinaweza kuharibika na kama kuna chuma cha kurudi kutoa.

Kitu kingine kabla hatujaenda mbali, watu wanasema "nimewekewa pini" wakimaanisha chuma chochote kile. Mimi nilikuwa naambia watu nina pini mguuni mwaka mzima na sina hata moja, nina pleti moja na skrubu nane. Kwa hiyo mtu akikusimulia habari za pini zake muulize kwanza ni zipi, na daktari akitaja pini mwambie akuchoree kwenye karatasi. Sio ushamba.

1. POP AU BUTI, BILA CHUMA

Inavyofanywa: kama mifupa haijahama wanafunga tu. Kama imehama kidogo wanakupa dawa ya maumivu au usingizi, wanavuta, wanarudisha, wanafinyanga plasta ikiwa bado laini. Siku za mwanzo mara nyingi ni nusu tu kwa nyuma na bandeji, mguu ukishuka uvimbe ndo wanazungushia kamili. Kwa Weber A na B iliyotulia wengine hawafungi kabisa plasta, wanatoa buti la kuvua na kuvaa.

Inashika kiasi gani: inategemea kiungo chenyewe. Kama kimetulia, POP inakilinda tu na mfupa unajiunga wenyewe. Kama kinacheza, plasta ikilegea uvimbe ukishuka mifupa inaweza kuteleza ndani yake bila wewe kujua, ndo maana unaitwa eksirei wiki ya kwanza na ya pili. Usizikimbie hizo. Kuna watu wakishafungwa tu wanaona imeisha wanarudi siku ya kufungua, halafu mfupa umeshaungana upande.

Ngozi na mwili: hapa POP inawazidi wote kwa sababu hakuna kidonda. Ila kwa mwenye kisukari aliyepoteza hisia za miguu sio salama kihivyo, plasta inaweza kumchubua kisigino hadi kidonda asihisi kitu.

Kukanyaga: B iliyotulia na buti, wengi wanakanyaga kadri maumivu yanavyoruhusu. Kizamani ilikuwa wiki 6 kwa kila mtu, lakini utafiti wa Finland uliotoka 2019 kwenye jarida la BMJ ulionyesha kwa Weber B iliyotulia wiki 3 zilitosha, baada ya mwaka matokeo hayakuwa mabaya kuliko ya wiki 6. Kama yako haikutulia ikarudishwa kwa mkono, hapo jiandae na wiki 6 na magongo.

Baadae: kiungo kinakakamaa, shavu la mguu linasinyaa mpaka unaogopa ukiuona mguu siku ya kufungua. Muwasho nao sio mchezo. Mama mdogo alikuwa anaingiza rula ndani ya plasta usiku anajikuna, nikamnyang'anya mana ukichubuka humo ndani huwezi kuona wala kusafisha. Hewa baridi ya drayer ya nywele inasaidia kidogo. Afu kuna ile ya hatari kweli: vidole vikiwa vya bluu, baridi, ganzi, au maumivu yanazidi badala ya kupungua, usisubiri asubuhi, rudi hospitali usiku huohuo wailegeze.

Inamfaa: aliye na kiungo kilichotulia, au ambaye kisu kwake ni hatari kuliko mfupa. Na wazee wanayo hoja yao hapa. Uingereza walifanya utafiti kwa watu 620 wenye miaka zaidi ya 60 wenye vifundo visivyotulia, ukatoka 2016, nusu upasuaji nusu plasta iliyofinyangwa kubana mguu vizuri na madaktari waliofundishwa. Baada ya miezi 6 walikuwa wanatembea karibu sawa. Ila karibu mmoja kati ya 5 wa upande wa plasta aliishia kupasuliwa mana mifupa iligoma kukaa, na upande wa upasuaji wakawa na shida nyingi zaidi za vidonda. Yani kila upande una deni lake.

2. PINI ZENYEWE HASA

Inavyofanywa: ni waya wa chuma mgumu ulionyooka, wembamba wa kama milimita 2, unaingizwa na drili kupitia tundu dogo kwenye ngozi huku daktari anaangalia kwenye skrini ya eksirei. Alizianzisha Mjerumani Martin Kirschner mwaka 1909 na hadi leo zina jina lake. Mara nyingi zinakuwa mbili, ili kipande kisizunguke kwenye pini moja kama mlango kwenye bawaba. Ncha inapindwa, ama inaachwa nje ya ngozi ama inafichwa chini yake.

Inashika kiasi gani: inazuia kipande kisihame, lakini haikibani. Skrubu inavuta kipande kikakumbatie mwenzie, pini inakichoma tu kikae. Kwa hiyo pini karibu siku zote inakuja na POP juu yake, na hii inawachanganya watu, wanasema nimepasuliwa halafu bado nimefungwa, kuna nini? Hakuna kitu, ndo ilivyo. Kuna na mtindo mwingine, pini mbili kwenye nundu la ndani halafu waya laini unazungushwa namba nane ukikazwa, huo unabana vizuri na unatumika pale kipande ni kidogo mno kwa skrubu, mana skrubu ingekipasua.

Ngozi na mwili: tundu ni dogo kwa hiyo ngozi mbovu inavumilia kuliko kisu kirefu. Mfupa laini wa uzee lakini hauzishiki sana.

Watoto ndo wateja wakubwa hapa. Mfupa wa mtoto una sehemu ya kukulia karibu na kifundo, na pini nyororo isiyo na nyuzi kama za skrubu inaweza kupita hapo bila kuleta madhara kama ya skrubu, halafu inatolewa mapema.

Kukanyaga: hakuna, mpaka zitoke au mfupa ushike.

Baadae: zilizoachwa nje zinatolewa baada ya wiki 4 hadi 6, mara nyingi hapohapo kliniki bila kurudi thieta. Nilikuwa nyuma ya mtoto mmoja kwenye foleni, analia kabla hajaguswa, daktari akashika koleo, akazungusha kidogo akachomoa, mtoto akanyamaza akauliza "ishatoka?" Kasoro yake ni kwamba tundu liko wazi muda wote huo, wekundu, majimaji yenye harufu au usaha ni dalili za kurudi haraka. Na pini inaweza kutembea, ama itoke ama izame, ndo sababu ya kuipinda ile ncha.

Inamfaa: mtoto anayekua, kipande kidogo, au mtu mwenye ngozi ambayo daktari hataki kuifungua. Kwa mtu mzima mwenye mfupa mzuri kifundo kinachocheza, mara nyingi wanaenda kwenye namba 3.

3. PLETI NA SKRUBU

Inavyofanywa: wanachana kwa nje juu ya fibula, wanarudisha vipande kwa macho sio kwa kubahatisha, wanabana na skrubu halafu pleti nyembamba juu. Nundu la ndani mara nyingi linapata skrubu mbili. Kama zile ligamenti zinazofunga mifupa miwili zimechanika, wanaongeza skrubu ndefu inayovuka kutoka fibula hadi kwenye muundi, au kamba imara yenye vifungo viwili.

Inashika kiasi gani: kuliko zote kwenye hii orodha kwa kurudisha kiungo mahali pake sawasawa. Unakumbuka ile milimita moja.

Ngozi: hapa ndo pagumu. Ama wanakupasua masaa ya mwanzo kabla mguu haujavimba, ama unasubiri ushuke, wiki moja, siku kumi, hata wiki mbili. Mimi nilidhani wananichelewesha, nikalalamika kweli. Daktari kila asubuhi alikuwa anakuja anaminya ngozi kati ya vidole viwili anaangalia, anaondoka bila kusema kitu. Siku ya nane akaminya, ngozi ikajikunja mistari midogo kama ya maziwa yaliyopoa, akasema "kesho". Kumbe alikuwa anasubiri mikunjo tu. Ukichana ngozi iliyojaa inang'aa, kuifunga tena ni shida, na kidonda kikifunguka pleti iko chini yake moja kwa moja, hakuna nyama ya kuificha pale.

Mwili: kisukari, sigara na mzunguko mbovu wa damu vinaongeza hatari ya kidonda kugoma na kuingia usaha. Haimaanishi mwenye kisukari hapasuliwi, kuna vifundo ambavyo visipobanwa vizuri kwa mtu wa kisukari vinabomoka kabisa. Ila sukari ishushwe kwanza. Na kama unavuta, acha, hata kama ni kwa hii miezi mitatu.

Kukanyaga: zamani wiki 6 za kuning'iniza mguu. Utafiti wa Uingereza uliotoka 2024 kwenye jarida la Lancet kwa watu 480 ulionyesha kuanza kukanyaga wiki ya 2 baada ya upasuaji hakukuwa na matokeo mabaya kuliko kusubiri wiki ya 6. Sio kila aina ya mvunjiko inaruhusiwa, mwenye skrubu ya kuvuka au kipande cha nyuma cha muundi kilichobanwa anaweza kuambiwa asubiri, kwa hiyo muulize aliyekupasua, yeye ndo ameona ndani. Kuendesha gari kwa mguu wa kulia ni jambo lingine, muda anaotumia mtu kupiga breki uliwahi kupimwa ukakutwa unarudi kawaida kama wiki ya 9 baada ya upasuaji.

Baadae: wengi vyuma vinakaa maisha. Vinavyosumbua ni kwa sababu ngozi pale ni nyembamba, mimi kichwa cha skrubu moja nakisikia hadi kesho, mpira wa soksi ukikaa juu yake nahisi kama kuna kokoto. Viatu virefu nimeacha. Ukitaka vitolewe mara nyingi wanasubiri mwaka, na ni upasuaji mwingine kamili. Ile skrubu ya kuvuka ikikatika ukitembea usipige kelele, mara nyingi haina madhara na inaachwa. Ganzi sehemu ya juu ya mguu, pale kiatu kinapofungwa kamba, pia inatokea, mishipa ya fahamu inapita karibu na pale wanapochana. Na ile ya baridi uzeeni, kinachouma sana uzeeni ni gegedu (ile laini inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo) iliyoumia siku ya kuanguka au kiungo kilichoungana vibaya, pleti inasingiziwa tu.

Inamfaa: kiungo kinachocheza, ngozi nzuri, mtu anayehitaji mguu wake kwa kazi ya kusimama.

Kuna na ndugu yake, msumari wa ndani ya fibula, chuma kirefu chembamba kinachoingizwa ndani ya mfupa kwa tundu dogo la chini. Haukai chini ya ngozi kama pleti, kwa hiyo wazee wenye ngozi karatasi wanapewa huo pale unapopatikana, vidonda vinakuwa na amani zaidi. Kukanyaga na kuutoa ni karibu kama pleti. Kasoro ni kwamba daktari lazima awe ameuzoea, na vipande vingi vingi haviupendi.

4. ANTENA

Jina la hospitali ni fiksata ya nje, lakini nani analitumia. Vyuma vinene vinaingia kwenye muundi na kwenye kisigino, halafu fremu inaviunganisha kwa nje.

Inashika kiungo kwa mbali bila kugusa pale palipovimba, hiyo ndo faida yake yote. Mfupa ukitoka nje ya ngozi, kiungo kikihama kabisa, malengelenge yakijaa mguu mzima, antena inanyoosha, inapumzisha, na vidonda vinaweza kusafishwa kila siku. Mara nyingi ni ya muda, wiki moja mbili, halafu pleti. Mara nyingine ndo inabaki hadi mwisho. Kukanyaga sahau. Kulala ni kazi, shuka linanasa, suruali hazipiti, na matundu ya vyuma yanataka usafi kila siku la sivyo yanatoa usaha. Ikitolewa inatolewa yote, hakuna kinachobaki. Haichaguliwi na mgonjwa hii kwa kweli, ila ukiamka umewekewa usidhani wamekukosea.

SASA WEWE UKO WAPI

Kiungo kimehama waziwazi, mfupa umetoboa ngozi, au vidole vimepoa: hakuna cha kuchagua, kirudishwe sasa hivi, mengine mtaongea baadae.

Weber A, au B na eksirei ya kusimama iko safi: buti au POP. Ukilazimishia chuma unanunua kidonda cha bure.

Kinacheza, una miaka 35, ngozi nzima: pleti na skrubu ndo itapendekezwa, na swali lako liwe "lini nakanyaga", sio "kwa nini".

Una miaka 70, ngozi nyembamba, kinacheza: hapa ndo mazungumzo ya kweli yapo. Plasta iliyofinyangwa vizuri na eksirei za kufuatilia, au msumari wa ndani, au pleti kama ngozi inaruhusu. Uliza kama hapo yupo mtu anayeijua kweli hiyo plasta, mana mfungaji akiwa wa kubahatisha huo utafiti haukuhusu.

Kisukari na miguu haina hisia: usichague mwenyewe na usichague haraka. Njia yoyote utakayopita, kukanyaga kutachelewa kuliko kwa wengine, mara nyingi maradufu, na hilo ulikubali kabla.

Mtoto: uliza mvunjiko umepita kwenye sehemu ya kukulia au la. Jibu ndo linaamua kati ya POP peke yake, pini, au skrubu isiyovuka pale.

Uko nyumbani mguu hauna uzito kwa wiki nyingi, njia yoyote: uliza kuhusu dawa ya kuzuia damu kuganda, hasa kama umewahi kuganda damu, una saratani au unatumia vidonge vya uzazi wa mpango. Shavu la mguu likivimba na kuuma ghafla, au pumzi ikikata, nenda.

Na kama bado unapiga simu kwa ndugu mmoja mmoja kuomba ushauri, angalia kalenda. Wiki ya tatu ikifika vipande vinaanza kushikana vilivyo, na kuvirudisha mahali inakuwa kazi nyingine kubwa zaidi. Mjomba wako bado atakuwa hajaamua.